Kikundi cha wanaoanza kukimbia: wiki 10 hadi kilomita 5 bila kumwacha mtu njiani

Vikundi vingi vya kukimbia huanza Januari vikiwa vimejaa na kufika Pasaka vikiwa na watu watatu. Wanaobaki ni wale ambao wangekimbia hata peke yao. Waliokihitaji kikundi wameshaondoka. Ukichunguza, sababu kubwa huwa moja: kasi iliwekwa na wa mbele. Mtu akiachwa nyuma mara mbili mbele za wenzake, mara ya tatu haji, na ujumbe wa "jipe moyo" kwenye simu haumrudishi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namna ya kuwapanga watu, ndipo unafika kwenye dakika na kilomita.

Lengo ni kilomita 5 ndani ya wiki 10, kwa mtu mzima anayeweza kutembea harakaharaka dakika 30 bila shida. Asiyeweza hilo atembee kwanza wiki tatu, mara nne kwa wiki, kisha aanze wiki ya kwanza.

Watu, saa na mahali

Idadi inayofaa ni watu 6 hadi 10. Mkiwa wanne, mmoja akisafiri na mwingine akiugua, kikundi kimelala. Mkizidi 12 mnagawanyika wenyewe njiani, na mgawanyiko usiopangwa daima humwacha mtu mmoja katikati, hana wa mbele wala wa nyuma.

Chagueni siku tatu zenye mapumziko kati yake. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zinafanya kazi vizuri. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, saa 11:30 alfajiri ndiyo saa ya maana, kwa sababu ikifika saa 1:30 asubuhi jua na unyevu wa hewa vimeshaharibu mazoezi. Arusha, Iringa au Nairobi hata jioni inafaa. Mahali pawe palepale kila siku: mtu asilazimike kusoma ujumbe 40 usiku ili ajue mnakutana wapi. Anayechelewa asubiriwe dakika 5, baada ya hapo mnaondoka, na anajua njia mliyopita.

Wapangeni watu wawiliwawili. Kazi ya mwenzi ni ndogo na ina saa yake: saa 11:00 alfajiri anabipu. Aliyebipiwa anabipu kurudisha, maana yake ameamka. Asiporudisha, anapigiwa mara moja tu. Bipu hizi mbili zinaokoa asubuhi nyingi kuliko picha zote za wanariadha mnazotumiana, kwani saa 11 alfajiri mtu anashindwa na kitanda, wala si na kilomita. Badilisheni wenzi kila wiki tatu, la sivyo wawili wanaopatana sana wataanza kuruhusiana kulala.

Kila zoezi liwe na watu wawili wenye kazi. Wa mbele anashika saa na kutangaza kukimbia na kutembea. Wa nyuma, tumwite mkia, hampiti mtu yeyote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkia ndiye mtu muhimu kuliko wote, na makosa huanzia hapa: watu humwachia nafasi hiyo aliye mzito zaidi. Mpeni mwenye pumzi ya kutosha na ulimi mzuri, kwa zamu. Anabeba simu yenye chaji, filimbi, na pesa ya bodaboda ya kumrudisha mtu nyumbani.

Michango iwe ya hiari. Vikundi vinavyoanza na fulana za sare na ada ya kila mwezi huwapoteza kwanza wale wanaoona aibu kusema hawana.

Afya kwanza

Aliyepita miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, mwenye presha, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au seli mundu, na mama mjamzito, wamwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye pumu aje na pampu yake kila siku, na mkia ajue iko mfuko gani.

Dalili za kusimama papo hapo, bila mjadala wala kujikaza: maumivu au kubanwa kifua, hasa yakielekea mkononi au taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kudunda ovyo, pumzi kukata hata baada ya kutembea. Huyo anapelekwa hospitali mara moja, hata akisema ameshapata nafuu.

Viatu vya mitumba na namna ya kuvikagua

Kitu pekee kinachostahili pesa zenu ni viatu. Viatu vizuri vya mtumba kutoka Karume ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi au soko la Memorial pale Moshi vinaweza kuwa bora kuliko vipya vya bei chee vilivyoshonwa kwa ajili ya sura. Ila vikague hivi.

Weka kiatu juu ya meza tambarare, kitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kikiegemea ndani au nje, kimeshachukua mguu wa mwenyewe wa zamani, kiache. Kisha tazama ubavuni, kwenye sponji nene iliyo kati ya soli ya chini na kitambaa. Mikunjo mingi ya kulala, kama ya kwenye paji la uso, inaonyesha sponji imekufa. Ibonyeze kwa dole gumba: iliyo hai inabonyea na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama ubao au inabonyea moja kwa moja. Shika mbele na nyuma, ukisokote kidogo. Kikipinda kama kitambaa, kimechoka. Ingiza kidole ndani nyuma ya kisigino uone kama bitana imetoboka, maana tundu hilo ndilo litakalokuchubua. Mwisho, vuta ukingo wa soli ya mbele. Iliyoanza kuachia gundi fundi anaweza kuirudisha. Sponji iliyokufa hakuna fundi.

Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi za mazoezi. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Wanaonunua viatu vinavyobana wakisema "vitapanuka" ndio wanaopata kucha nyeusi. Viatu vipya vya kukimbia hudumu takriban kilomita 500 hadi 800; vya mtumba vimeshatumia sehemu ya umri wao, kwa hiyo magoti yote mawili yakianza kulalamika kwa pamoja, shuku viatu kwanza.

Fulana ya pamba ikilowa jasho huwa nzito na huchubua. Jezi ya mpira ya polista inatosha. Kina mama na dada wavae sidiria ya michezo inayoshika kwelikweli. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kisichohitaji pini shingoni. Mapajani, makwapani na kwenye chuchu, pakeni mafuta ya mgando kabla, na bila haya, kwani baada ya dakika 40 mtu anaweza kutokwa damu hapo.

Giza likiwapo, kimbieni upande wa kulia wa barabara mkiyatazama magari yanayokuja, mstari mmoja, na mmoja mbele na mmoja nyuma wavae kizibao cha kung'aa. Masikio yasiwe na spika. Bodaboda zisizo na taa ndizo hatari kuliko malori. Mbwa akija, acheni kukimbia, tembeeni, msimtazame machoni.

Kasi: kipimo cha kiitikio

Kosa la kila anayeanza ni kwenda kasi mno dakika tatu za mwanzo. Vitabu husema "kimbia huku ukiweza kuongea", lakini kila aliyepita shule ya msingi Tanzania ana kipimo kizuri zaidi: mchakamchaka. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia. Asiyeweza kuitikia amezidisha kasi. Aitikiaye kwa sauti kamili bila kuhema anaweza kuongeza kidogo. Mkia asikilize: kiitikio kikipungua sauti, anapiga filimbi mara moja na wa mbele anapunguza. Kama mtaa umelala na hamtaki kuwaamsha watu, mtu aseme sentensi ya maneno kama kumi kwa pumzi moja.

Kwa wengi mwendo huu utakuwa dakika 7 hadi 9 kwa kilomita, na kwa baadhi polepole zaidi. Anayekupita kwa kutembea harakaharaka asikusumbue. Hatua ziwe fupi, mguu utue chini ya mwili na usirushwe mbele, mabega yalegee. Mengine ya staili yaacheni hadi mwakani.

Sasa shida halisi: kikundi kina mtu wa dakika 6 na mtu wa dakika 9. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuzunguka kiwanja. Uwanja wa riadha una mita 400 kwa mzunguko. Kuzunguka mistari ya kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 ni mita 346, hivyo mizunguko 14 na nusu inakamilisha kilomita 5. Hakuna anayepotea wala anayeachwa, mnapishana tu. Ubaya wake ni kuchosha akili, na kugeuka upande mmoja kunachosha mguu mmoja. Badilisheni mwelekeo katikati.

Ya pili ni nenda-rudi, na hii ndiyo tunayoipendelea. Kila mtu anatega simu yake ilie baada ya nusu ya muda, tuseme dakika 13. Wote mnaondoka pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Simu ikilia, kila mmoja anageuka palepale alipo. Wa haraka, aliyekuwa mbele kabisa, sasa yuko nyuma kabisa na ana njia ndefu zaidi. Wa taratibu anarudi akiwa mbele. Kama kila mtu ametunza mwendo wake, mtafika mlipoanzia karibu kwa wakati mmoja. Aliyeko taratibu humalizia akiwa amezungukwa na wenzake badala ya kuwakuta wameshakunja mikono wakimsubiri. Mkia abaki naye muda wote.

Ya tatu ni wa mbele kurudi nyuma kila baada ya dakika 5 na kuanza upya kutokea kwa mkia. Inafaa barabara ya wazi ya moja kwa moja, lakini ifanyeni kwa adabu: anayerudi ajiunge kimya na kuendelea, asije na "haya, twende, twende!" kama mchunga mbuzi.

Ratiba ya wiki 10

Kila zoezi lianze kwa kutembea harakaharaka dakika 5 na liishe hivyohivyo. Kunyoosha misuli kwa kushikilia kufanyike mwishoni. Mwanzoni zungusheni viungo tu. Namba ya kwanza ni dakika za kukimbia, ya pili za kutembea.

- Wiki 1: 1 na 2, mara 8
- Wiki 2: 1.5 na 2, mara 7
- Wiki 3: 2 na 2, mara 6
- Wiki 4: 3 na 2, mara 5
- Wiki 5: 4 na 2, mara 4
- Wiki 6: 5 na 2, mara 4
- Wiki 7: 8 na 2, mara 3
- Wiki 8: 12 na 2, mara 2
- Wiki 9: Jumanne 15 na 2, mara 2, Alhamisi 10 na 2, mara 2, Jumamosi 20 mfululizo
- Wiki 10: Jumanne 25 mfululizo, Alhamisi 15 nyepesi, Jumamosi au Jumapili kilomita 5

Wiki ya 1 hadi ya 3 itaonekana rahisi, na mtu atapendekeza mruke. Msiruke. Moyo na mapafu huzoea upesi, lakini kano na mifupa huchukua muda mrefu zaidi kukomaa. Ndiyo maana maumivu ya ugoko hupenda kuja wiki ya 4 hadi ya 6, mtu akiwa na pumzi nzuri na miguu ambayo bado haijawa tayari.

Wiki iliyowashinda irudiwe, na irudiwe na kikundi kizima. Hapa ndipo kutiana moyo kunapogharimu kitu: wenye nguvu wanarudia wiki ya 5 bila kulazimika. Ikiwa mmoja anahitaji kurudia mara tatu, basi yeye na mwenzi wake wabaki kwenye wiki hiyo, na kikundi kitumie nenda-rudi ili wote waanze na kumaliza pamoja hata kama dakika zinatofautiana.

Wa dakika 9 kwa kilomita atahitaji dakika 45 kumaliza kilomita 5, na ratiba inamfikisha dakika 25 mfululizo. Hilo halina tatizo: siku ya mbio akimbie 10 na kutembea 1, tangu mwanzo, asisubiri kuchoka.

Maneno ya njiani na ya kwenye simu

"Bado kidogo!" wakati imebaki kilomita 2 ni uongo, na mwili wa aliyechoka unaujua. Mpe kitu anachokiona: "Hadi nguzo ile, kisha tunatembea." Mkifika, timiza ahadi, tembeeni. Ukimdanganya mara moja kwa kusogeza nguzo, hatakuamini tena. Taja jina la mtu. "Dada Rehema, legeza mabega" linaingia kuliko "kazeni jamani". Toa jambo moja la kufanya: legeza mabega, fupisha hatua, toa pumzi nje kwa nguvu. Wakati mwingine kimbia tu kando yake kimya, nusu hatua nyuma. Ukikaa nusu hatua mbele unamvuta na kumchosha.

Yasiyosemwa: uzito wa mtu, hata kwa kusifu, umri wake, na kulinganisha, "mbona mzee amekupita". Mzee mwenyewe apewe shikamoo yake na aachwe akimbie. Watazamaji wa barabarani nao wana yao, "mnadaiwa na nani mpaka mnakimbia hivyo?" Jibuni kwa salamu. Mkiwazoea baada ya mwezi watakuwa wanawauliza aliyekosekana yuko wapi.

Asiyefika leo atafutwe na mwenzi wake peke yake, kwa faragha, kabla ya jioni, kwa swali moja: "Uko salama?" Kumtaja kwenye kundi la simu, hata kwa utani, ni kumfukuza. Akikosa mara mbili mfululizo, mwenzi apite kwake au ampigie, na asimuulize "utarudi lini", amwambie jambo jepesi la kufanya: "Alhamisi njoo utembee nasi dakika 20 tu." Kurudi kwa kutembea hakuna aibu.

Yanayoharibika, na la kufanya

Kichomi cha ubavuni hutokana mara nyingi na kula karibu na zoezi au kuanza kwa kasi. Punguza mwendo, bonyeza panapochoma, toa pumzi ndefu mara kumi. Mlo mzito uwe saa 2 au 3 kabla. Alfajiri, ndizi moja au chai yenye sukari inatosha.

Malengelenge: yasiyouma yaachwe na kufunikwa. Mara nyingi chanzo ni soksi za pamba zilizolowa, kisha kiatu kilicholegea.

Ugoko unahitaji uangalifu. Maumivu yaliyotawanyika kwenye urefu wa ndani wa ugoko, yanayopungua ukishapata joto, yanataka siku 5 hadi 7 za kupumzika kukimbia, barafu ndani ya kitambaa dakika 15, na kurudi kwenye njia ya udongo badala ya lami. Lakini maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayouma ukirukaruka kwa mguu huo au ukiwa umelala usiku, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Huyo asikimbie hata hatua moja hadi apimwe. Kumwambia "jikaze" hapa ni kumtengenezea miezi ya kukaa nje.

Goti linalouma mbele, karibu na pia ya goti, hasa ukishuka ngazi, mara nyingi linadai paja na nyonga zenye nguvu: kuchuchumaa nusu mara 10, raundi 3, siku moja moja kupishana, na hatua fupi zaidi. Unyayo unaouma hatua za kwanza ukitoka kitandani, nyosha misuli ya nyuma ya mguu na viringisha chupa ya maji ya baridi chini ya unyayo dakika 5. Kano ya nyuma ya kisigino ikivimba, acheni vilima.

Jeraha jipya lililovimba lisikandwe wala kuchuliwa kwa nguvu siku mbili za kwanza, hata na mchuaji hodari. Na kuna tabia ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia ili maumivu yasisikike. Iacheni. Dawa hizo kwenye mwili uliopungukiwa maji zinaweza kuumiza figo, na zinaficha ishara mliyoihitaji.

Mwenye homa hakimbii. Aliyeugua malaria amalize dozi, apumzike angalau wiki moja baada ya homa kuisha, kisha aanze kwa kutembea. Kanuni ya kurudi ni rahisi: umekosa wiki moja, rudia ya mwisho uliyoimaliza, umekosa mbili, rudi nyuma wiki mbili, umekosa mwezi, anza ya kwanza. Kikundi kimpokee aliyekuwa mgonjwa kwa kumpa kazi inayomweka karibu kabla miguu haijawa tayari: kushika saa kiwanjani, kulinda mizigo na maji. Aliyekaa nyumbani wiki tatu akitazama tu picha za wenzake huona kikundi si chake tena.

Joto, maji na mfungo

Kwenye hewa yenye unyevu wa pwani jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Msishindane na muda mlioupata mkiwa kwenye baridi ya Lushoto. Kwa zoezi la nusu saa, kunywa kabla na baada inatosha. Mkizidi saa moja, mililita 150 hadi 200 kila dakika 20, kwa kufuata kiu. Kujijaza maji lita kwa lita nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu inapungua mno. Mkojo wa njano nyepesi ni dalili nzuri.

Mtu akianza kuyumba, kuongea visivyoeleweka au kuwa mkali bila sababu kwenye joto, hilo ni la dharura: kivulini, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, barafu shingoni na makwapani kama ipo, na wakati huohuo gari litafutwe. Msimnyweshe kwa nguvu.

Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ndani ya msimu wa mbio. Wanaofunga wasiongeze dakika mwezi huo. Watunze tu walichonacho. Dakika 20 nyepesi zinazoisha karibu na futari, au zoezi baada ya saa mbili kupita tangu kufuturu. Kikundi chenye mchanganyiko kinaweza kuhamisha siku moja kati ya tatu kwenda jioni ili wote wakutane walau mara moja kwa wiki.

Siku ya mbio

Tuchukue Kilimanjaro Marathon ya Moshi kama mfano. Hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, huanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika, na ina kilomita 42.2, 21.1 na 5. Anayeanza aende kwenye 5. Njia ya 21 inapanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka, na mlima huo umewavunja watu waliokuja na mazoezi ya barabara tambarare za pwani.

Ukihesabu wiki 10 nyuma unaangukia katikati ya Desemba, Krismasi na Mwaka Mpya zikiwa ndani. Anzeni mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba ili mpate wiki mbili au tatu za akiba. Wanaopanda kwenda Uchagani kwa sikukuu watumie nafasi hiyo kutembea vilima vya huko. Wakirudi watakuwa na mapaja.

Mkitoka Dar es Salaam kwa basi, fikeni siku moja kabla, na mkishuka tembeeni dakika 20, kwani safari ya kutwa inaacha miguu imevimba. Usiku kuleni mnachokijua: wali au ugali na mboga nyepesi. Maharage, nyama choma na bia vitasubiri. Namba ya kifuani ifungwe kwa pini nne, mbele, isikunjwe ikiwa ina chipu ya kupimia muda. Viatu vipya vibaki kwenye begi.

Fikeni saa moja kabla, na mwende chooni mara moja mkifika, maana foleni itakua. Simameni nyuma kabisa ya umati. Kilomita ya kwanza iwe polepole kuliko ya mazoezini, hata kama inawaumiza roho kupitwa na watoto. Tokyo, Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alivumilia ndani ya kundi hadi mita za mwisho, akampita Amanal Petros wa Ujerumani na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03. Mwenye haraka kilomita ya kwanza anakopa, na kilomita ya nne inadai.

Msijaribu kukimbia wote kumi kwa pamoja. Mtawaziba watu na kukwaana. Nendeni wawiliwawili, na mkubaliane kabla ya bunduki: mmoja akishindwa, mwenzake anatembea naye au anaendelea? Makubaliano yoyote ni sawa, mradi yafanywe jioni ya jana. Mkenya Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.2 kwa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, waongoza kasi 41 walimsindikiza kwa zamu, kwa sehemu ili kumkinga na upepo. Kwa mwendo wa dakika 8 upepo si hoja. Mwenzi wa kando anakusaidia kwa kukuondolea hesabu: yeye anatazama saa, wewe unakimbia.

Kwenye meza ya maji, minya mdomo wa kikombe, tembea hatua kumi, kunywa, endelea. Mkivuka mstari msisimame ghafla wala kukaa. Tembeeni dakika 10.

Wasiokimbia siku hiyo wasijipange wote kwenye mstari wa mwisho, ambako kila mtu anashangiliwa hata na asiowajua. Wasimame kati ya kilomita 3.5 na 4, penye ukimya, kando ya njia. Waliomaliza mapema warudi mita 300 nje ya mstari, wakae pembeni, na wasiondoke hadi mkia amefika. Wasiingie njiani kukimbia na wa mwisho; amalize mwenyewe, picha iwe yake.

Baada ya kilomita 5

Wiki moja ni ya kutembea na kukimbia kwa wepesi mara mbili tu. Hapo ndipo mtu atasema "mwezi ujao tufanye 21". Jibu ni hapana. Kwenda kilomita 10 kunataka wiki 8 nyingine: zoezi la Jumamosi liongezwe dakika 5 kila wiki, mengine mawili yabaki dakika 25 hadi 30, na kila wiki ya nne Jumamosi ipunguzwe kwa theluthi. Kilomita 21.1 isubiri hadi 10 iwe kitu mnachokimbia bila kukiogopa.

Wageni watakuja baada ya picha za medali. Msiwaingize katikati ya ratiba yenu. Wafungulieni wiki ya 1 yao, saa ileile na mahali palepale, na mkia wao awe yule aliyerudia wiki ya 5 mara tatu. Mkifika 12, gawanyikeni kabla hamjagawanywa, kila kundi na wa mbele wake na mkia wake, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mfanye nenda-rudi pamoja.